Pete Hii Imevikwa Chanda Kipi?

Mpiga picha wa kulipwa akitangazwa kuwa ametunukiwa kwa picha zake za bustani na chakula, watu hugawanyika kabla hata hawajaitazama picha yenyewe. Kuna wanaoshangilia: rangi zimekaa, mwanga umetulia, mtu unatamani kulamba kioo cha simu. Kuna wanaocheka: yaani boga limepata tuzo? Wenzake wanahatarisha maisha vitani na kwenye mafuriko, yeye kapiga kabichi lenye umande, kavikwa medali. Siku hizi imezuka na kambi ya tatu, changa lakini yenye kelele kuliko zote, isemayo kwamba tuzo hizo zimepitwa na wakati, kwa kuwa programu ya akili mnemba inaweza kukutolea kabichi zuri kuliko hilo kabla maji ya chai hayajachemka.

Kambi hizo zinazozana, lakini zote zimeketi juu ya jamvi moja: zinaamini kwamba kinachozawadiwa ni uzuri. Mimi naona sivyo. Tuzo za picha za bustani na chakula, zinapotolewa kwa haki, hulipa vitu viwili ambavyo jicho la haraka halivioni, yaani ujuzi wa muda na kuwapo. Mpiga picha alijua ni dakika gani, ya siku gani, ya msimu gani. Na dakika hiyo ilipofika, alikuwa pale. Uzuri hufuata, na mara nyingine haufuati kabisa na picha ikabaki kuwa kubwa. Waandaaji wa mashindano wenyewe wamesaidia kulificha jambo hili, maana hujitangaza kwa lugha ya urembo na hamu ya kula. Zamani lugha hiyo haikuwa na madhara. Sasa, picha zisizopigwa na mtu yeyote zikiwa zimejaa kila mahali, inawachimbia shimo.

Tuanze na swali ambalo huulizwa kwa kejeli: kwa nini mtu huyo huyo apige bustani na apige chakula, kama duka linalouza viatu na dawa ya kikohozi? Jibu ni kwamba vitu hivi viwili vimekuwa pamoja tangu upigaji picha ulipozaliwa. Nicéphore Niépce, Mfaransa anayehesabiwa kuwa baba wa fani hii, anahusishwa na picha ya meza iliyoandaliwa kwa mlo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1830. Picha halisi ilipotea, ikabaki nakala yake ya kuchapwa. Mwaka 1843 Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu cha picha za mwani alizozipata bila kamera: aliulaza mmea juu ya karatasi yenye kemikali, akaliachia jua limalize kazi. Mwenzake William Henry Fox Talbot, kwenye kitabu alichokitoa kwa sehemu kati ya 1844 na 1846 kuutambulisha uvumbuzi wake wa kutoa picha kwenye karatasi, aliweka picha ya vikapu vya matunda, nanasi likiwamo. Hata malighafi ya fani ilitoka jikoni. Karatasi za picha za karne ya 19 zilipakwa ute wa mayai. Filamu ilikuja kushikiliwa na jelatini, inayotokana na kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Na bamba za kwanza za picha za rangi zilizofanikiwa sokoni, Autochrome za ndugu Lumière za mwaka 1907, zilifanya kazi kwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Anayeicheka picha ya kiazi hajui kwamba kiazi ndicho kilichoipa picha rangi yake.

Heshima ilipotea njiani kwa sababu inayoeleweka. Bamba za mwanzo zilihitaji mwanga wa muda mrefu, na tunda lina sifa ambayo mtoto na farasi hawana: linatulia. Teknolojia ilipopata kasi, sifa zilihamia kwenye vitu vinavyokwenda kasi, yaani vita, michezo, ajali, nyuso za wakubwa wakishuka garini. Tazama yaliyompata mpiga picha Mwingereza Roger Fenton. Mwaka 1855 alikwenda Crimea na gari lake la kusafishia picha, akapiga vita, na hicho ndicho anachokumbukwa nacho. Mwaka 1860 alipiga mfululizo wa picha za matunda na maua ambazo, kwa macho yangu, zina ustadi unaozidi nyingi za Crimea, lakini wanaozitaja ni wachache. Heshima ilichelewa kurudi. Shindano la International Garden Photographer of the Year, linaloendeshwa kwa ushirikiano na bustani za Kew za London, lilianzishwa 2007. Lile kubwa la chakula lilianza 2011 kwa jina la Pink Lady Food Photographer of the Year, na baadaye likabadili jina na kuwa World Food Photography Awards. Kutoka vikapu vya Talbot hadi hapo ni zaidi ya miaka 160. Na mashindano hayo mawili yalipokuja, kila moja lilijikuta ndani ya shamba la mwenzake: la bustani limekuwa na kipengele cha mazao yanayolisha watu, la chakula lina vipengele vya mavuno na chakula kingali shambani. Mpaka kati ya kitalu na sahani unaonekana kwenye fomu za kujiandikisha tu.

Sasa nieleze ninachokiita ujuzi wa muda, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Bustani haiwezi kuhamishiwa studio. Jua la utosini huvunja kila kitu: petali nyeupe zinakuwa doa lisilo na mishipa, vivuli vinakuwa mashimo, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kwa hiyo mtaalamu hufika kabla ya jua, au huomba wingu jembamba, lile linalotandaza mwanga sawasawa bila kuuzima. Umande anaoutaka hukauka saa ile ile mwanga unapoanza kuwa mzuri. Kisha kuna upepo. Unapokipiga kitu kidogo kwa karibu, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba kama ukucha; shina likitikisika kwa pumzi ya mtu tu, chavua iliyokuwa wazi inakuwa ukungu. Na juu ya saa kuna kalenda. Ua la siku tatu likikupita, unasubiri mwaka mzima, na mwaka huo mvua inaweza kuja mapema au konokono wakakutangulia. Ni lazima umwulize mtunza bustani ni lini, umwamini, na bado ufike siku mbili kabla. Niliwahi kumshikia rafiki yangu ubao mweupe wa kurudisha mwanga tangu alfajiri hadi saa tatu, tukingoja upepo uliache ua moja litulie. Alipiga picha kumi na moja. Bega langu liliuma siku mbili.

Jikoni saa hiyo hiyo inakimbia. Mchuzi huota ngozi juu. Majani ya kupambia yakigusana na chakula cha moto yanalegea. Tunda lililokatwa hubadilika rangi likikutana na hewa. Mvuke una maisha mafupi kuliko vyote, na tena hauonekani vizuri mpaka upigwe na mwanga kutoka nyuma, na nyuma yake pawe na giza. Ndiyo maana wapiga picha wa chakula hupanga kila kitu kwa sahani ya kujaribia: kamera imefungwa kwenye stendi, dirisha limefunikwa nusu, kitambaa kimekunjwa, glasi imesogezwa; halafu sahani halisi inaletwa kutoka motoni, na kazi yenyewe inaisha kabla mpishi hajanawa mikono. Mtu anayeona picha ya supu anaona supu. Anayeijua kazi anaona dakika mbili, na asubuhi nzima iliyotumika kuziandalia dakika hizo mbili uwanja.

Hii ndiyo sababu bustani na chakula ni fani moja. Vyote ni upigaji picha wa vitu vinavyokufa mbele yako, kimoja kwa siku, kingine kwa sekunde. Waliopata heshima ya kudumu katika njia hii waliipata kwa kuishi na saa hiyo. Pilipili hoho maarufu ya Mmarekani Edward Weston ya mwaka 1930 inaitwa namba 30 kwa sababu kuna nyingine nyingi kabla yake. Aliiweka ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke, akaiacha lenzi wazi kwa muda mrefu. Karl Blossfeldt, mwalimu wa chuo cha sanaa jijini Berlin, alipiga machipukizi, vikonyo na mbegu kwa takribani miaka 30 ili ziwe vielelezo vya wanafunzi wake, kwa kamera aliyojitengenezea. Kitabu chake kilipotoka 1928 alikuwa amepita miaka 60. Dunia ilimwona msanii mpya. Kumbe ni mzee aliyekuwa kazini muda wote. Na Mmarekani Imogen Cunningham aliyapiga maua yake ya magnolia miaka ya 1920 akiwa nyumbani analea watoto watatu wa kiume, kwa kuwa bustani ndiyo ilikuwa dunia aliyoweza kuifikia bila kuwaacha.

Baada ya hayo tupime hoja za upande wa pili, maana si zote za kutupwa.

Ya kutupwa ipo, nayo ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba kila mwenye simu anaweza. Hoja hii imejengwa juu ya imani kwamba tuzo zilikuwa za kumiliki kamera ya bei kubwa. Hazikuwa. Shindano lile la chakula limewahi kuwa na kipengele maalumu cha picha zilizopigwa kwa simu, na hakuna jaji aliyezimia. Simu imeondoa ugumu mmoja tu, wa kupima mwanga na kupata umbo lililo wazi bila kuhangaika na vipimo. Haijaondoa ugumu wa kuamka. Haimwambii mwenye nayo kwamba zao hilo huwa na rangi hiyo kwa wiki moja, wala haimfungulii lango la bustani saa kumi na moja na nusu asubuhi. Tena ukiwapa watu mia moja simu za aina moja na sahani moja, utapata picha mia moja ambazo tisini zake zimepigwa kutoka juu, mwanga wa taa ya dari, kivuli cha mikono ya mpigaji kikiwa kimelalia wali. Chombo kikishakuwa cha wote, tofauti kati ya watu ndiyo inayobaki peke yake jukwaani.

Hoja nzito zaidi ni ile ya biashara. Wanaosema picha za chakula ni matangazo yaliyovaa suti ya sanaa wana ushahidi mkononi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Campbell nchini Marekani ilipiga picha za matangazo ya supu yake ikiwa imeweka gololi za kioo chini ya bakuli, ili mboga zisukumwe juu na supu ionekane nzito. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliingilia kati, na shauri likamalizika 1970 kwa kampuni kukubali kuacha mbinu hiyo. Na gololi ni sehemu ndogo tu ya hadithi. Wapambaji wa chakula wamekuwa wakitumia gundi nyeupe badala ya maziwa ili nafaka zisilowe, viazi vilivyopondwa badala ya aiskrimu ili visiyeyuke chini ya taa, gliserini badala ya matone ya maji, na hata mafuta ya injini badala ya asali ya maji. Ongeza kwamba shindano kubwa la chakula lilibeba kwa miaka mingi jina la chapa ya tofaa, na baada ya hapo likapata udhamini wa chapa ya mboga ya jamii ya brokoli. Mtu akiuliza kama tuzo kama hiyo inaweza kuhukumu chakula bila upendeleo, hajakosa adabu.

Lakini hoja hii, ukiifuata hadi mwisho wake, inalitetea dai langu badala ya kulivunja. Kwa nini gololi zilitukera? Bakuli lile halikuwa baya. Lilikuwa zuri mno. Lilitukera kwa sababu picha ilidai kuwapo mahali ambapo haikuwapo, mbele ya supu ambayo mnunuzi angeipata. Hata watu wasiojali sanaa walielewa mara moja kwamba picha ya chakula ina ahadi ndani yake, na kwamba ahadi hiyo inaweza kuvunjwa. Kitu kisicho na ahadi hakiwezi kudanganya. Kuhusu udhamini, naona hatari, lakini nawapima majaji kwa walichokichagua.  Mwaka 2021 picha iliyoshinda kwa jumla shindano hilo ilikuwa ya Li Huaifeng, familia changa ikitayarisha chakula chini ya mwanga wa jua huko Shanxi, China. Mwaka 2022 ikawa ya Debdatta Chakraborty, mchoma mishikaki wa mtaani mjini Srinagar, India, akizungukwa na moshi na cheche. Mwaka 2023 ya Jon Enoch, wauza pipi za pamba wa Mumbai. Tazama orodha hiyo tena. Hakuna sahani iliyopambwa. Hakuna tofaa. Kuna mikono, moshi, kazi, na watu ambao mpiga picha alilazimika kwenda walipo. Majaji wamekuwa wakizawadia kuwapo kwa miaka kadhaa huku matangazo ya tuzo yakiendelea kutuambia kuhusu utamu.

Hoja ambayo binafsi inaninyima usingizi ni ya tatu: kwamba pete imevikwa chanda kisicho chake. Bustani iliyopigwa ina mtu aliyeibuni, na wengine waliochimba, waliomwagilia, waliokata matawi kwa miaka kumi. Chakula kina mpishi, na mara nyingi kina mpambaji ambaye jina lake halionekani popote. Mpiga picha anafika, anabaki saa tano, anaondoka na hakimiliki ya picha, kwa kuwa sheria za nchi nyingi humpa aliyebonyeza kitufe isipokuwa mkataba useme vingine. Kisha anaitwa jukwaani. Watetezi wa fani hujibu kwamba mpiga picha wa vita naye hakuitengeneza vita, jibu ambalo ni la ujanja kuliko ukweli. Vita haina mtunzi anayestahili kupongezwa, bustani inaye. Ninachokubali ni hiki: tuzo ya mpiga picha ni ya kuona na kungoja, na haidai kuwa ni ya kupanda. Lakini kama kuwapo ndiko kunakozawadiwa, basi wapo waliokuwapo muda mrefu kuliko yeye, na picha inayowafuta inasema nusu ya ukweli. Kuandika jina la mtunza bustani na la mpishi chini ya picha inayopewa tuzo hakupunguzi hadhi ya mpiga picha hata kidogo. Kunathibitisha kwamba alikuwa miongoni mwa watu.

Inabaki hoja ya mashine, ambayo kambi ya tatu huishika kama kisu kipya. Aprili 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda katika kipengele kimoja cha Sony World Photography Awards, kisha akaikataa tuzo na kueleza kwamba picha aliyoituma ilitengenezwa kwa akili mnemba; alitaka kuwapima waandaaji kama wako tayari. Hawakuwa. Mwaka uliofuata mpiga picha Miles Astray akafanya kinyume chake: akaingiza picha halisi ya heroe aliyeficha kichwa, kiasi cha kuonekana hana, katika kipengele cha picha za akili mnemba cha shindano la 1839 Awards. Ikapata tuzo, akajitaja, ikaondolewa. Watu wengi wamesoma matukio hayo kama habari za majaji kuaibika. Kwangu yanasema jambo rahisi zaidi. Jicho peke yake haliwezi tena kutenganisha picha iliyopigwa na picha iliyotengenezwa, na kwa hiyo tuzo inayotegemea jicho peke yake imekwisha. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sasa kizuri kimekuwa kingi kiasi kwamba hakiuziki, kinagawiwa bure.

Ila kilichokwisha ni tuzo ya uzuri. Mashine inaweza kutoa kabichi, lakini haiwezi kutoa kabichi lile, la kitalu kile, asubuhi ile baridi ilipoliunguza kingo. Mwandishi wa kitabu cha mapishi anahitaji picha ya kile kinachotoka kwenye sufuria mtu akifuata maelekezo yake, na msomaji atajua ikiwa keki kwenye picha haikupikwa kwa unga uliotajwa. Mzalishaji wa mbegu anayeonyesha nyanya ambayo haijawahi kuota popote anauza uongo kwa mkulima. Mbunifu wa bustani anayetaka kumwonyesha mteja kazi yake ya miaka mitano iliyopita hawezi kuonyesha bustani ya kubuniwa na kompyuta bila kuwa tapeli. Picha za jumla jumla, zile za saladi isiyo ya mtu yeyote iliyowekwa pembeni ya makala ya afya, hizo zitachukuliwa na mashine, na sitazililia. Wapiga picha wengi walizipiga kwa shingo upande na kwa malipo kiduchu. Lakini kazi iliyobaki ni ile yenye ushahidi ndani yake, na huko ndiko heshima rasmi inakopaswa kuelekea.

Hapa wapiga picha wa wanyamapori wametangulia. Mwaka 2010 waandaaji wa Wildlife Photographer of the Year walimvua tuzo mshindi wa mwaka uliotangulia baada ya kuamua kwamba mbwamwitu wake aliyeruka lango huenda alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 wakaiondoa picha nyingine iliyokuwa imeshinda, kwa kuamini kwamba mnyama mla mchwa aliyemo alikuwa amekaushwa na kujazwa. Picha zote mbili zilikuwa nzuri jana yake, na zilibaki nzuri baada ya kunyang'anywa. Kilichobadilika ni kwamba haikuaminika tena kuwa jambo lile lilitokea. Sioni kwa nini mbwamwitu alindwe hivyo na biringanya lisilindwe.

Nini kifuate? Faili ghafi, lile linalotoka kwenye kamera kabla ya kuguswa, liwe sharti kwa kila picha inayofika mwisho, si kwa zile zinazotiliwa shaka tu. Faili hilo si kinga kamili, lakini huongeza gharama ya uongo. Maelezo ya picha yapewe uzito katika alama: ni mmea gani, umri gani, nani ameupanda, chakula kimepikwa na nani, kimekaa muda gani kabla ya kupigwa, kitu gani mezani si chakula. Na heshima itolewe zaidi kwa mkusanyo kuliko kwa picha moja. Mifano ipo tayari. Royal Photographic Society, chama cha wapiga picha cha Uingereza kilichoanzishwa 1853, hutoa daraja zake kwa kutathmini mkusanyo: picha 10 kwa daraja la kuanzia, 15 kwa linalofuata juu yake. Chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, nacho hutoa medali kwa wapiga picha wa mimea kulingana na kiwango kilichofikiwa, kwa hiyo watu kadhaa wanaweza kupata dhahabu mwaka mmoja, na mwaka mwingine asipate mtu. Mfumo huo hauna msisimko wa mshindi mmoja, na magazeti hayaupendi. Lakini mtu anaweza kubahatisha picha moja, na mashine inaweza kumbahatishia. Mkusanyo wa shamba moja kwa misimu minne, wenye mche ule ule ukikua, ukiumwa, ukivunwa na kuingia sufuriani, ni vigumu mno kuubuni bila kujikwaa mahali.

Kuna gharama yake, na wataalamu wataihisi kwanza. Sharti la kueleza kila kitu litawaumbua baadhi ya waliojenga majina kwa gundi na gliserini, ambao nao watajibu, kwa haki kiasi, kwamba upambaji ni ustadi unaostahili tuzo yake. Unastahili. Uwekwe kwenye kipengele chake, wenye kuufanya watajwe majina, na tuzo iitwe ya upambaji. Tatizo litakuwa katikati: tone moja la mafuta lililopakwa kwenye nyanya ili ing'ae, jani moja lililokauka lililong'olewa kabla ya kupiga, maji yaliyonyunyizwa na mpiga picha saa tatu asubuhi baada ya umande halisi kwisha. Nimewauliza wapiga picha watatu kuhusu hilo tone la mafuta. Wawili walisema ni sawa. Wa tatu alisema ni sawa pia, akafikiri kidogo, akaomba nisiandike jina lake.